Ulipiga Dawa Siku Gani?

Tangu mvua ishike huku Nakuru, barua zenu karibu zote zinanuka ukungu. Nimechagua tano. Wengi wenu mnaniita daktari. Mimi nina duka la agroveti hapa Njoro, mwaka wa 19 sasa, na nyuma ya nyumba nina nusu ekari ya viazi inayonifundisha kila msimu.

*Daktari, nimepanda viazi aina ya Shangi ekari moja na robo hapa Molo. Vilikuwa vizuri hadi wiki ya pili ya mvua kubwa, kisha majani yakaanza kuwa meusi kama yaliyomwagiwa maji moto. Nilikimbia agroveti siku hiyo hiyo. Nimepiga dawa tatu tofauti ndani ya siku sita na bado shamba linaisha, hata limeanza kunuka. Je, niliuziwa dawa feki? — Mkulima, Molo*

Pole sana, ndugu yangu. Harufu hiyo naijua. Unaipata ukiwa bado barabarani, na moyo unashuka kabla macho hayajaona shamba.

Dawa feki zipo, sikatai. Lakini kabla hatujamlaumu aliyekuuzia, nina swali ninalomuuliza kila anayeingia dukani na jani jeusi mkononi: ulipiga dawa siku gani? Kwa maelezo yako, ulianza siku ulipoona weusi. Kufikia siku hiyo bleiti, ndio ugonjwa huu unaoyafanya majani ya viazi kuwa meusi, ilikuwa imeshakaa shambani kwako karibu wiki nzima.

Kesho saa moja asubuhi, umande ukiwa haujakauka, ingia shambani utafute mmea ambao bado una majani mabichi. Chagua jani lenye doa linaloonekana kama limelowa maji, ulivunje na uligeuze. Upande wa chini, pale doa linapokutana na sehemu nzima, utaona ukingo wa unga mweupe mwepesi, mwepesi kuliko utando wa buibui. Ukienda saa tano hutauona, jua litakuwa limeukausha. Unga huo ndio ugonjwa wenyewe ukizaa. Kila chembe ni kifuko. Upepo hukibeba hadi jani jingine au shamba la jirani, na usiku wa baridi, jani likiwa na maji, kifuko kile hupasuka na kutoa vijimbegu vyenye mikia. Vinaogelea. Naam, vinaogelea ndani ya tone la umande hadi vipate pa kupenyea. Usiku wa Molo wa nyuzi 10 hadi 15 ndio vinaoupenda kabisa. Vikishapenya, huchukua siku 4 hadi 7 hivi kabla jani hilo nalo halijazaa unga wake, na siku za mwanzo huoni kitu. Jani ni la kijani, limenyooka, unapita na mgeni unalisifu, kumbe ndani linaliwa.

Sasa iangalie dawa. Mankozebu na dawa za shaba, ambazo wengi mnaziita kopa, hukaa juu ya jani. Haziingii ndani. Kimbegu kikitua, hufyonza maji ili kichipue, na maji hayo yana dawa, basi hufia mlangoni. Hiyo ndiyo kazi yake yote na huifanya vizuri sana. Lakini kilichokwisha kuingia ndani hakiguswi. Na jani lililochipuka jana, baada ya wewe kupiga dawa juzi, limezaliwa uchi, halina hata chembe ya dawa. Ndiyo maana tunarudia kila baada ya siku 7 hadi 10, na mvua ikiwa ya kila siku tunafupisha kadiri lebo inavyoruhusu. Si kwamba dawa imeisha nguvu. Mmea umekua na mvua imeosha.

Zipo nyingine zinazoingia ndani, kama metalaksili. Hizi hupanda na maji ya mmea kutoka chini kwenda juu, na zinaweza kukikamata kilichopenya jana au juzi. Kikishapita hapo, basi. Hakuna dawa dukani kwangu wala duka lolote lile inayolirudishia jani jeusi uhai. Uliyopiga mara tatu ndani ya siku sita ilikuwa inaosha maiti, na najua ilikugharimu pesa ya karo ya watoto.

Toa zile pakiti tatu ulizonunua, uziweke mezani na usome maandishi madogo ya yaliyomo. Majina makubwa ya mbele yaache. Mara nyingi mkulima ananiletea pakiti tatu za rangi tatu, kampuni tatu, na ndani ni kitu kimoja: mankozebu na metalaksili, mankozebu na metalaksili, mankozebu na metalaksili. Hajabadilisha dawa, amebadilisha picha. Tena hatari yenyewe iko hapo. Mankozebu hukishambulia kimelea mahali pengi kwa mpigo, hivyo ni vigumu kuizoea. Metalaksili hupiga mahali pamoja tu. Akitokea mmoja katika mamilioni ambaye pale mahali pake pamebadilika kidogo, atabaki peke yake shambani, atazaa, na shamba zima litakuwa la watoto wake. Dawa hiyo ilianza kuuzwa miaka ya mwisho ya 1970. Kufikia 1980 wakulima wa viazi wa Uholanzi na Ayalandi walikuwa wakiipiga na bleiti inaendelea kula. Ayalandi ile ile ambayo ugonjwa huu uliiletea njaa kuu kuanzia 1845. Dawa zinazoua kwa njia moja hupewa namba moja ya kundi; ukiikuta kwenye lebo, iandike kwenye daftari. Mankozebu ni M3, metalaksili ni 4, simoksanili, dawa nyingine ya bleiti, ni 27. Msimu mmoja, dawa ya kundi 4 usiipige zaidi ya mara mbili.

Kuna jambo jingine linaloniuma hadi leo. Mwaka wangu wa kwanza dukani alikuja mzee mmoja kutoka Elburgon, akasema viazi vyake vina ukungu. Sikuomba kuona jani. Nilimpa tebukonazoli, dawa nzuri kabisa ya kutu ya ngano, kwa sababu kwangu ukungu ulikuwa ukungu. Aliipiga kwa uangalifu mkubwa, akafuata kipimo, na akapoteza shamba lote. Nilikuja kujifunza baadaye kwamba kinacholeta bleiti ya viazi si kuvu halisi. Ukoo wake uko karibu zaidi na mwani wa kahawia wa baharini. Tebukonazoli huua kuvu kwa kuzizuia kutengeneza mafuta fulani ambayo seli zake haziwezi kuishi bila hayo. Hiki cha viazi hakiyatengenezi kabisa. Ni sawa na kumfungia mtu mfereji ilhali yeye anachota kisimani. Mzee yule hakunigombeza. Alisema tu, "Mama, nilifanya ulivyoniambia." Tangu siku hiyo siuzi dawa ya ukungu kabla sijaliona jani, na mteja akikasirika acha akasirike.

Ya kufanya sasa: kata mashina yote karibu na ardhi, yatoe shambani uyafukie. Usichimbe viazi mara moja. Ngoja wiki mbili, ngozi ikomae na vimelea vya juu vife, la sivyo utavibeba hadi ghalani. Viazi vilivyooza usivitupe kando ya shamba, na vile vitakavyojiotea vyenyewe msimu ujao ving'oe mapema, maana ugonjwa hulala humo ukingoja mvua. Msimu ujao anza mankozebu mimea ikiwa kimo cha shubiri moja, kabla mistari haijafungana, jani likiwa safi. Elekeza nozeli chini ya majani pia. Shangi inauzika na inaiva haraka, lakini kwa bleiti haina ngao yoyote. Panda walau mistari michache ya Sherekea, aina inayostahimili bleiti, uone tofauti kwa macho yako.

*Dada, mimi si mkulima, ninanunua tu. Nyanya za soko la Kibuye siku hizi zina unga mweupe au wa samawati. Muuzaji huzipangusa kwa kanga na kuniambia ni vumbi. Ni vumbi kweli? — Mama wa watoto watatu, Kisumu*

Si vumbi, mama. Mara nyingi huwa ni mankozebu au shaba, zile zile nilizozitaja juu, zimekauka kwenye ngozi.

Kuna kisa cha zamani kinachonijia kila nikiona nyanya kama hizo. Wakulima wa zabibu wa Médoc, Ufaransa, walikuwa wakimwagia mizabibu ya kando ya barabara mrututu, yaani chumvi ya shaba ya samawati, uliochanganywa na chokaa, ili wapita njia waone rangi ile mbaya wasithubutu kuchuma. Mwaka 1882 mwanasayansi Pierre-Marie-Alexis Millardet alipita hapo akaona ajabu: mizabibu ya ndani ilikuwa imepukutika majani kwa ubwiri, ugonjwa wa ukungu, na ile ya kando ya barabara imebaki na yake. Mwaka 1885 akatangaza mchanganyiko huo kuwa dawa, na mpaka leo unatumika. Yaani doa lile liliwekwa kwanza kumwambia mtu asile. Leo tunalipangusa kwa kanga na kuuza.

Kwa kuwa dawa hizi hukaa juu, kuosha kwa maji yanayotiririka huku ukisugua kwa mkono kunaondoa nyingi. Kuzitumbukiza kwenye beseni moja la maji na kuzitoa hakutoshi. Ukimenya ni bora zaidi. Lakini zile zinazoingia ndani ya tunda haziondoki kwa maji, na huko wewe huwezi kitu. Ni juu yetu wakulima. Kila lebo ina siku za kungoja tangu kupiga dawa hadi kuvuna. Ninawajua wanaopiga Alhamisi na kuvuna Ijumaa ili wawahi lori, na wengine hupuliza nyanya zikiwa tayari kwenye kreti wakidai zitakaa muda mrefu. Nawasihi muache. Mankozebu si unga wa chapati. Umoja wa Ulaya ulikataa kuiongezea idhini mwaka 2020 kwa sababu ya madhara yake kwa uzazi na kwa homoni. Watoto wa huyu mama wanakula nyanya zetu.

Nawe mama, mwambie muuzaji hutaki yenye unga. Wakisema wanunuzi kumi kwa siku, habari itafika shambani.

*Mwalimu, tulibakisha mbegu za mahindi kilo nne, zile za rangi ya waridi. Mvua imekatika na hatutapanda tena. Mama mkwe anasema nizioshe hadi rangi iishe nisage unga. Nimeogopa kumkatalia. — Bungoma*

Mkatalie, mwanangu, kwa heshima zote, na umsomee jibu hili. Usisage. Usiwape kuku wala ng'ombe. Usiuze sokoni.

Rangi si dawa. Rangi imewekwa ili kukuonya kwamba kuna dawa, kwa kawaida ya ukungu na pengine ya wadudu pia, inayoilinda mbegu isiozee udongoni kabla ya kuota. Ukiosha, unaondoa onyo na kubaki na sumu. Hili si nadharia. Mwishoni mwa 1971 Iraki iliagiza mbegu za ngano na shayiri zilizotiwa dawa ya ukungu yenye zebaki. Zilipakwa rangi nyekundu. Maonyo kwenye magunia yaliandikwa kwa Kihispania na Kiingereza, na watu wa vijijini walisoma Kiarabu, wengine hawakusoma kabisa. Waliosha, rangi ikatoka, wakaoka mikate. Madhara hayakuonekana mara moja, kwa hiyo wakaendelea kula. Watu 6,530 walilazwa hospitalini na 459 wakafa humo. Dawa za zebaki hazitumiki tena kwenye mbegu zetu, lakini zilizopo leo nazo si chakula.

Mbegu zako zifunge vizuri kwenye pakiti yake, uziweke mahali pakavu palipo mbali na jikoni, uzipande msimu ujao. Kabla ya hapo chukua 20 uzioteshe kwenye kitambaa chenye maji, ukivaa glavu. Zikiota 17 au zaidi, bado ni nzima.

*Nimezungushia boma nguzo za mkaratusi mara mbili ndani ya miaka sita. Zinaoza pale pale, usawa wa ardhi. Jirani ananishauri nizipake oili chafu ya gari. — Mzee wa kazi, Kakamega*

Mzee wangu, zinaoza hapo kwa sababu hapo ndipo kuvu hupata vyote viwili, maji na hewa. Chini zaidi maji yapo lakini hewa ni haba. Juu hewa ipo lakini mti unakauka. Mti ukibaki chini ya asilimia 20 ya unyevu hauozi, ndiyo maana boriti za nyumba za kale bado zimesimama. Chukua kisu, chimbua udongo kidogo, uchome nguzo sentimita tano chini ya ardhi. Kisu kikiingia kama kwenye keki, na vipande vikatoka vya miraba midogo ya kahawia au nyuzi nyeupe nyeupe, kazi ya kuvu imekwisha.

Oili chafu hukaa kwenye ngozi ya nguzo miezi michache, kisha huingia udongoni na, kwa mvua za Kakamega, kisimani. Kuvu hupita kwenye ufa wa kwanza. Nunua nguzo zilizotibiwa kwa mashine ya shinikizo, zile zinazosukumiwa dawa ya shaba ndani ya mti, rangi yake ya kijani kibichi. Zinagharimu, lakini hutajenga boma mara ya tatu.

Haya matatu usiyasahau. Chagua nguzo za duara, zisizopasuliwa, maana dawa huingia kwenye mti mweupe wa nje na haipenyi kwenye moyo wa mkaratusi. Ukipasua, moyo ule unabaki wazi bila kinga. Ukilazimika kukata, ncha uliyoikata iende juu, kamwe isiingie ardhini. Na masalio usipikie wala kuchomea mahindi: nyingi ya dawa hizo zina aseniki, na hubaki kwenye jivu.

*Mahindi yangu yana ukungu wa kijani kwenye gunia. Nitie dawa gani? — Busia*

Hakuna, rafiki yangu. Poda za ghalani ulizozoea ni za wadudu kama dumuzi, hazigusi kuvu, na dawa ya ukungu ya shambani haitiwi kamwe kwenye chakula. Kuvu ile ya kijani huweza kuacha sumu ya aflatoksini, ambayo haifi kwa kuchemsha wala kwa kusaga. Mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa sumu hiyo upande wa Makueni, Kitui na majirani zao. Gunia hilo libebe ulifukie. Najua ni uchungu.

Mengine yaliyobaki yanaokolewa na ukavu peke yake, unyevu wa asilimia 13.5 au chini ya hapo. Kama huna kipimo, chukua chupa ya kioo kavu yenye kifuniko, ijaze mahindi theluthi moja, tia vijiko vitatu vya chumvi kavu, utikise kwa dakika kadhaa, kisha uiache robo saa. Chumvi ikianguka yote chini, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15; anika siku moja au mbili zaidi juu ya turubai ndipo ufunge. Chumvi ikiganda kwenye kioo, usiguse gunia wala uzi wa kushonea. Rudisha mahindi juani.